Akina Derrick Waliolala Uwanjani

Jumatatu asubuhi Horace Lumb alikuwa akikata nyasi za uwanja wa Harthwaite, kama alivyofanya kila Jumatatu isipokuwa za barafu. Alianzia upande wa mgodi, akaenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka. Alipofika karibu na mstari wa yadi ishirini na tano alizima mashine, akatoa mkasi wa bustani mfukoni, akapiga magoti na kuanza kukata kwa mkono nyasi zilizomzunguka Derrick Oldroyd.

"Inua kiwiko," alimwambia.

Derrick aliinua kiwiko. "Jana tulishinda?"

"Tulifungwa."

"Na mimi nilicheza vipi?"

"Kama gunia la viazi. Haya, shusha mkono."

Saa ile ile Derrick Oldroyd alikuwa zamu ya asubuhi chini ya ardhi, akiburura nguzo za chuma kwenye matope, sikio lake la kulia likiwa na nyuzi za hospitali. Hakuna mtu Harthwaite aliyeona taabu katika jambo hilo. Derrick wa mgodini ndiye aliyeinuka. Derrick wa kwenye nyasi ndiye aliyebaki.

Mara ya kwanza ilitokea katika msimu wake wa tatu wa kulipwa. Walikuwa wakicheza na Skelby, mji wa upande wa pili wa kilima. Derrick alicheza mstari wa mbele, na kazi ya mtu wa mstari wa mbele katika raga ya kaskazini mwa Uingereza ni kupokea mpira na kukimbia moja kwa moja kuelekea watu wanaotaka kumvunja. Wengine wanaweza kukwepa. Yeye hakwepi. Huko Harthwaite mtu wa mstari wa mbele aliyewahi kukwepa alisemwa madukani mpaka akahamia Kanada. Basi Derrick alikimbia moja kwa moja, bega la Skelby likampata shavuni, akaanguka.

Lumb aliingia na ndoo na sponji. Siku za mechi yeye ndiye aliyekuwa daktari wa timu, kwa kuwa ujanani aliwahi kufunga bandeji farasi wa mgodini. Alimkamulia Derrick maji baridi shingoni, akauliza swali ambalo klabu ilikuwa ikiuliza tangu zamani.

"Leo siku gani?"

"Jumapili."

"Inuka."

Derrick aliinuka, na pia hakuinuka. Mwamuzi alikuja akawatazama wote wawili. Aliyesimama alimwambia acheze. Aliyelala alimwambia akunje mikono asimkwaze mtu. Skramu, ule msukumano wa kugombea mpira, ikasogezwa hatua chache kando, mchezo ukaendelea.

Swali la Lumb halikuwahi kumtoa mtu uwanjani. Harthwaite walicheza Jumapili, na hata mtoto wa kubebwa mgongoni pale mjini alijua Jumapili ni siku ya mpira. Mara moja mechi ya kurudiwa ilichezwa Jumatano usiku, kwenye taa. Derrick aliangushwa, akaulizwa, akajibu "Jumapili." Lumb alifikiri kidogo, akasema, "Hujakosea sana," na akamrudisha.

Kwa hiyo waliongezeka. Mmoja alibaki karibu na bendera ya kona, wawili mbele ya jukwaa la kusimama ambako watu huwa na kelele, mwingine chini kabisa ya nguzo za goli. Uwanjani hapo walikuwapo wengine pia, wa wachezaji wa zamani, na mmoja alikuwa wa kabla ya vita, mwenye masharubu na kaptura ndefu. Mkewe alikwisha kufa na hakuna aliyemtembelea, ila Lumb alimwashia sigara mara moja moja. Theluji ilipokuja walitandaza majani makavu uwanja mzima ili ardhi isigande, na waliolala walikaa chini ya majani wakipiga soga. Mpira ukimgonga aliyelala, mchezo uliendelea. Siku moja Derrick wa kwenye kona alinyoosha mkono akamdaka mguu winga wa Skelby. Mwamuzi alimjia juu: "Wewe! Lala!" Jukwaa zima likacheka.

Mke wa Derrick, Noreen, hakucheka. Alikuwa akifanya kazi jikoni katika shule ya msingi, na ndiye aliyekuwa akimpokea yule anayerudi nyumbani. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Mume wake alikuwa akipiga mbinja anaponyoa ndevu, na baada ya ile mechi ya Skelby alinyoa kimya. Noreen aliona ni uchovu. Kisha, mwaka mwingine, alimtajia safari yao ya Bridlington, pale ufukweni kwenye upepo alipomwambia waoane, na Derrick akasema hajawahi kufika Bridlington. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia.

Jumanne iliyofuata Noreen alitoka kazini, akajaza chupa ya chai, akafunga mkate wenye mafuta ya nyama katika karatasi, akaenda uwanjani. Aliwapitia mmoja mmoja mpaka akampata mwenye Bridlington. Alikuwa mmoja wa wale wa mbele ya jukwaa.

"Ule upepo!" alisema Derrick huyo. "Kofia yako iliruka mpaka baharini. Nikaifuata na viatu."

"Uliifuata," alisema Noreen.

Tangu hapo alikwenda kila Jumanne, kabla ya mazoezi. Waliolala hawakuweza kuinuka. Kila mmoja alikuwa amejaribu, shingo ikakataa. Wala hawakuzeeka. Yule wa kwanza alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtundu, na Noreen alikuwa ametimiza thelathini na mbili.

"Umezeeka, mama," alimwambia.

"Na wewe hujaoga miaka tisa."

"Lete busu basi, bibi yangu."

Alimwonyesha picha ya Gail, binti yao. Derrick alitazama kwa makini. "Mtoto wa nani huyu?"

"Wako."

"Acha utani, Noreen."

Noreen alimwachia picha, akaenda kwa anayefuata na chai iliyokuwa imeanza kupoa. Kuwa na waume wengi namna hiyo, na kumtembelea kila mmoja kwa kipande chake, kulimchosha kuliko masufuria ya shule. Lakini aliweza. Wote walikuwa hapo, mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwake. Mmoja tu alikuwa Skelby, na huko kulikuwa na basi.

Yule anayerudi nyumbani alikuwa amebakiwa na mambo mawili. Alimjua Noreen na alimjua Gail. Mengine alikuwa akiyabahatisha. Ijumaa jioni alimwosha Gail nywele mbele ya moto, kisha akamsuka kwa vile vidole vyake vilivyovunjika na kuunga vibaya, na Gail alikwenda shuleni Jumatatu na kichwa kinachochekwa na hakukubali mama yake akifumue.

Mwaka huo Harthwaite waliingia fainali ya kombe. Haikuwahi kutokea. Fainali ilichezwa London, katika uwanja mkubwa, safari ya siku nzima kwa basi, mahali ambapo hakuna mtu wa Harthwaite aliyekuwa na ndugu wala sababu ya kwenda.

Noreen alimpikia mumewe chakula, akangoja amalize.

"Usicheze London."

Derrick alimtazama. "Nisicheze fainali? Una homa?"

"Ukianguka huko, nitakufikia vipi?"

"Sitaanguka."

"Basi kwepa. Mara moja tu katika maisha yako, Derrick. Mtu akija, kwepa."

Derrick alisukuma sahani. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka muda mrefu na ambaye kitanda hakimsaidii. "Kila kitu wanakijua wao wenzangu," alisema. "Mimi najua wewe, najua mtoto, na najua kukimbia moja kwa moja. Ukiniondolea hilo, Jumapili nitakaa hapa nikitazama tu ukuta?"

Noreen aliondoa sahani. Asubuhi alikwenda kwa Cawthra, mwenye bucha, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa klabu. Foleni ilikuwa ndefu. Alimwambia mbele ya watu kwamba mume wake amekwisha, asipelekwe London.

"Noreen, dada yangu," alisema Cawthra, akiendelea kukata figo, "mji mzima unakwenda. Nimwache Derrick? Watavunja hiki kioo."

"Na wavunje."

"Wewe una bahati," alisema mwanamke mmoja nyuma yake. "Wako wakibaki unajua waliko. Wangu anabaki baa."

Foleni ikacheka. Cawthra alimfungia soseji nzuri, akakataa malipo.

Jioni Noreen alikwenda nyumbani kwa kocha, Wilf Tasker. Tasker alikuwa jikoni akipaka mafuta njumu ambazo hakuzivaa tena. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Cawthra hakulifanya.

"Mimi niko wanne kule Skelby," alisema Tasker. "Wawili Hull. Sijawahi kwenda kuwaona."

"Kwa nini?"

"Niwaambie nini? Watauliza habari ambazo sijui." Alifunga kopo la mafuta. "Atacheza, Noreen. Ningekuwa mtu mwingine ningekuambia vinginevyo, lakini huyo mtu mwingine yuko Skelby."

Akabaki Lumb. Noreen alimkuta uwanjani, amekaa juu ya ndoo yake.

"Horace, London usimuulize siku."

"Ndilo swali letu."

"Muulize mwanawe anaitwa nani. Akikosa, mtoe."

"Nikimtoa, Tasker atanivalisha hii ndoo."

"Ataanguka, najua ataanguka. Lakini anabaki na vitu viwili. Cha kwanza kikishatoka, angalau cha pili kirudi nyumbani. Unanielewa?"

Lumb aliwatazama wale waliolala, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa akiwakatia nyasi miaka yote na aliwapenda kwa namna yake. "Nitamuuliza," alisema.

Wakati huo Noreen hakujua bado, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia, kwamba fainali zilichezwa Jumamosi. Tasker alikumbuka. Katika chumba cha kubadilishia nguo kule London, kabla ya kuwapanga mstarini, aliwasimamisha wachezaji wote wakiwa na njumu miguuni.

"Leo siku gani?"

"Jumapili," walijibu wote.

"Pumbavu! Leo Jumamosi. Lumb akiwauliza, mseme nini?"

"Jumamosi."

"Tena."

"Jumamosi!"

"Wewe Derrick, peke yako."

"Jumamosi," alisema Derrick. Alilishika neno hilo kwa uangalifu wote kama mtu aliyepewa mayai abebe.

Noreen na Gail walikaa juu sana, miongoni mwa watu wa Harthwaite waliovaa skafu nyekundu. Kutoka huko wachezaji walionekana wadogo. Waliona pia waliolala. Walikuwa wengi kuliko walivyofikiri, wa klabu zote na wa miaka yote, wametawanyika kwenye nyasi safi zilizokatwa na watu waliosomea kazi hiyo.

Katika kipindi cha kwanza Derrick alipokea mpira katikati ya uwanja. Watatu walimjia. Hakukwepa.

Lumb alikimbia na ndoo, maji yakimwagika kwenye viatu. Alipiga magoti, akakamua sponji.

"Derrick. Mwanao anaitwa nani?"

Derrick alifungua macho. Midomo yake ilitafuta kwa muda. Kisha uso wake ukatulia kwa sababu alikuwa amepata.

"Jumamosi," alisema.

Lumb alibaki na sponji mkononi. Pembeni yake mmoja alikuwa ameinuka tayari, akijipangusa magoti. Mwingine alikuwa amelala, akitazama juu majukwaani, akisema jina la Gail polepole bila kuulizwa.

"Kasemaje?" alipiga kelele Tasker kutoka benchi.

"Kasema Jumamosi."

"Basi kapatia! Toka hapo!"

Lumb alitazama benchi. Akatazama huko juu kwenye skafu nyekundu, ambako hakuweza kumtofautisha mtu. Maelfu ya watu walikuwa wakimngoja yeye, mzee wa ndoo, atoke wacheze. Aliokota ndoo, akatoka.

Harthwaite walikuwa nyuma kwa pointi moja mpaka dakika za mwisho. Tasker aliagiza mpira apewe Derrick, na Derrick akaupeleka mbele tena na tena, yadi chache kila mara, mpaka hatua tatu kutoka kwenye mstari wa goli. Hapo walimkamata wawili, mmoja chini na mmoja kichwani. Kabla hajaanguka aliutoa mpira kwa mkono mmoja, na kijana aliyekuwa nyuma yake akapita akafunga. Watu wa Harthwaite walikumbatiana. Wanaume waliokaa kimya kwenye mazishi ya baba zao walilia. Lumb aliingia tena na ndoo, na safari hii hakuuliza kitu. Alimwinua aliyeinuka. Aliyebaki hakuwa mbali na mwenzake wa kipindi cha kwanza, na wote wawili walipeana salamu.

Noreen alikaa kwenye kiti chake mpaka wafagiaji walipokuja.

Jumatatu timu ilizungushwa mjini juu ya lori la Cawthra. Matarumbeta yalipigwa, shule zilifungwa. Derrick alisimama mbele na kombe mikononi. Lori lilipopita mbele ya nyumba yake aliwapungia mkono Noreen na Gail, vizuri kabisa, kama alivyowapungia watu wa nyumba ya kabla na ya baada. Jioni Tasker alimshusha mlangoni, akamwonyesha: hapa ndipo kwako. Derrick alishukuru.

Alikuwa mtu mwenye adabu. Aliosha vyombo alivyotumia. Alilala ukingoni mwa kitanda ili asimbane mwenyeji wake. Ijumaa ya kwanza Gail alikaa mbele ya moto na nywele zilizofumuliwa, kitana mkononi, mpaka moto ukapungua. Derrick alimwuliza kama amepoteza kitu. Gail alisema hapana, akaenda kulala.

Jumanne Noreen aliendelea kwenda uwanjani na chai. Wote waliuliza habari za fainali, naye aliwasimulia, na kila mmoja alitaka kusikia sehemu ya ule mpira wa mkono mmoja. Wa kwanza alisema, "Mimi huyo!" Lumb alikuwa akikaa mbali siku hizo. Mwezi mzima hakuweza kumtazama Noreen. Kisha siku moja alikuja akasimama karibu.

"Nilimuuliza, Noreen," alisema.

"Najua ulimuuliza."

 Noreen alimpa kikombe cha chai, naye Lumb akanywa akiwa amesimama.

Mwezi wa tisa Noreen alichukua likizo, akampeleka Gail London kwa basi la usiku. Walifika uwanjani asubuhi, Jumamosi. Bawabu alikuwa mzee mwenye kofia ya kazi, na hakushangaa.

"Wa klabu gani, mama?"

"Harthwaite. Wawili."

"Karibu na goli la kusini. Ila kwenye nyasi hairuhusiwi kukanyaga. Mtawaona kutoka jukwaani."

"Tumetoka mbali, baba."

"Wote wanatoka mbali," alisema bawabu. "Wiki iliyopita alikuja bibi kutoka Cumberland na kiti cha magurudumu. Kama ningekuwa na uwezo ningewashusha. Sina."

Aliwapeleka mpaka safu ya chini iliyoruhusiwa, ambayo bado ilikuwa mbali. Uwanja mtupu ulikuwa mkubwa kuliko uwanja uliojaa. Noreen aliwaona mara moja, kwa jezi nyekundu. Aliita. Sauti ilikwenda ikagonga majukwaa ya upande wa pili, ikarudi vipande vipande. Mmoja aligeuza kichwa, taratibu, kwa shingo ile. Aliinua mkono, akamwelekezea Gail peke yake. Vidole vyake vilianza kuchezacheza hewani, juu, chini, juu, na ilichukua muda kabla ya Noreen kutambua kwamba anasuka. Gail aligeuka akampa mgongo, akalegeza nywele zake, akasimama hivyo bila kusogea.

Yule wa pili alikuwa akimtazama Noreen. Alisema jambo. Noreen aliona kinywa kikienda, akainama juu ya ukuta, akaweka mkono sikioni. Derrick alirudia. Alirudia tena, kwa subira, kama mtu mwenye muda wote duniani. Halikufika.

"Dakika zimekwisha, mama," alisema bawabu. "Nina wengine mlangoni."

Waliingia Harthwaite jioni, mvua ikinyesha. Noreen alikuwa ameacha ufunguo ndani, akabisha. Walisikia hatua nzito zikija kwenye korido, mlango ukafunguliwa. Derrick alisimama pale na shati safi, plasta juu ya jicho, akawatazama wote wawili kwa uso wa kutaka kusaidia.

"Habari za jioni," alisema. "Mnamtafuta nani?"

"Ni sisi," alisema Noreen.

"Aa. Karibuni, karibuni, mmelowa." Aliwapisha, akachukua makoti yao, akayaning'iniza vizuri. Aliwavutia viti karibu na moto, akatenga birika, akamwuliza Gail anakunywa chai yake vipi. Gail alimwambia. Walikunywa wote watatu, wakisikiliza mvua. Derrick aliwaomba radhi kwamba atawaacha mapema, kwani kesho ana mechi, akapanda kulala.

Kesho yake alicheza dakika zote themanini.